Gari Zima kwa Karatasi

Mimi si dereva, wala sijapata kuwa dereva. Kwa miaka 31 nimekula kwa magari, nimejenga kwa magari na kusomesha watoto kwa magari, lakini mtu akinikalisha leo nyuma ya usukani wa lori sitajua nianzie wapi. Kazi yangu ilikuwa karatasi. Nilikuwa karani wa matajiri wa malori pale Korogwe, yule mtu ambaye dereva akisimamishwa njiani humtaja kwa kusema, "Karatasi anazo karani." Nilianza mwaka 1988 nikiwa na shati moja la kuendea ofisini, nikaacha mwaka 2019 macho yalipoanza kuyakataa maandishi madogo.

Watu huidhania kazi hii kuwa ni ya kuchosha, na kwa kweli inachosha. Ni kazi ya kusubiri kwenye mabenchi, ya kuambiwa njoo kesho, ya kutafuta kalamu yenye wino mweusi kwa sababu wa buluu umekataliwa. Hata hivyo nimeona niandike juu yake, kwa sababu liko jambo moja lililonipata mwaka 1995 ambalo sijapata kulieleza lote kwa mtu yeyote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja nitamfikia mwishoni. Lakini jambo lenyewe halitaeleweka bila kwanza msomaji kujua karatasi za lori ni zipi, na mimi nilijifunza wapi kuzidharau.

Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa dereva. Aliendesha malori ya watu kati ya Handeni, Korogwe na Tanga tangu mimi sijaanza shule. Kwa hiyo katika utoto wangu neno "kibali" lilikuwa neno la mahindi. Vijana wa leo hawatasadiki, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 gunia la mahindi halikuwa na ruhusa ya kusafiri lipendavyo. Biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, tulilolijua kwa herufi zake tatu, NMC, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuvusha nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine isipokuwa kilo 30 za kula nyumbani. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 masharti hayo yakaondolewa kabisa. Kabla ya hapo barabara zilikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi palikuwa na gogo, kibanda, na mtu wa kuuliza kibali.

Handeni ni nchi ya mahindi, na pia ni nchi ya njaa. Mvua ikikubali, ghala hujaa hadi watu wakakosa pa kuweka. Ikikataa, wenye mahindi huwa ndugu za watu wote. Mwaka mmoja wa neema baba alipakia mahindi ya ndugu zetu kuwapelekea watu wa ukoo walioko Same, ambako mvua zilikuwa zimekataa. Alikuwa na kibali, lakini sahihi moja ilikosekana. Alikaa kwenye kizuizi siku nne, masika ikimnyeshea, na turubai lilikuwa na matundu. Aliporuhusiwa kuondoka, magunia ya juu yalikuwa yameanza kuchipua. Alirudi nyumbani na konzi ya mahindi yenye vichipukizi vyeupe, akaiweka mezani mbele ya mama. Akasema, "Karatasi ni ya serikali, mahindi ni ya watu." Hakusema zaidi.

Mimi nilikuwa kijana mdogo, na maneno yale nikayachukua kama mtoto achukuavyo maneno ya baba yake, yaani mazima mazima bila kuuliza mipaka yake. Nilielewa kwamba kibali ni kizingiti, na kwamba mtu mwenye akili ni yule ajuaye kukiruka. Kuhusu kibali kile cha mahindi, baba alikuwa na haki. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba vibali vyote ni ndugu wa tumbo moja.

Nilipoingia ukarani, mkoba wangu mweusi ulibeba karatasi za kila namna. Palikuwa na kadi ya gari na bima yake. Palikuwa na leseni ya barabara ya kila mwaka, ile ya kubandikwa kiooni. Palikuwa na leseni ya uchukuzi, iliyotolewa kwa Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973, ambayo kwa ajili yake nilipanda basi kwenda Tanga, karibu kilomita mia moja, na mara nyingi nikalala huko. Palikuwa na ukaguzi wa gari na leseni ya dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, nayo ni ya mwaka huo huo wa 1973. Lori likibeba mahindi au machungwa, palihitajika risiti ya ushuru wa halmashauri, la sivyo lingelala getini. Likibeba ng'ombe, kibali cha mifugo. Likibeba mbao au mkaa kutoka misitu ya Handeni, kibali cha kuvunia na hati ya kusafirishia. Na kanuni za baadaye zikakataza mazao ya misitu kusafiri kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, ili mwizi wa miti asijifiche gizani.

Kila moja ya karatasi hizi ilikuwa na dirisha lake, mhuri wake, na bei yake. Ukizitandaza juu ya meza huwezi kuzitofautisha: zote zina nembo, zote zina tarehe ya kwisha, zote zina faini. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akaniambia kwamba nyingine kati ya hizi ni za kuchuma fedha na nyingine ni za kulinda roho za watu. Na hata wale waliozitoa, kwa jinsi walivyozungumza nasi dirishani, walizungumzia zote kama fedha tu. "Umelipia?" Hilo ndilo lililokuwa swali. Sikuwahi kuulizwa dirishani, "Gari lenyewe likoje?"

Sasa niingie katika habari ya mwaka 1995.

Tajiri niliyemfanyia kazi wakati ule alikuwa na malori manne. Matatu yalikuwa ya wastani. La nne lilikuwa Bedford la tani saba, ambalo umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, maana kadi yake ilikuwa nakala ya nakala. Breki zake zilitaka kukanyagwa mara tatu ndipo zishike. Breki ya mkono haikuwapo. Waya wake ulikatika siku nyingi na mahali pake dereva alikuwa akitundika chupa ya maji. Badala yake palikuwa na utingo na gogo. Gogo lilikuwa la mkwaju, urefu wa mkono, likikaa nyuma ya bodi. Lori likisimama mlimani, utingo aliruka chini kabla halijatulia, akaliweka gogo nyuma ya tairi, kisha ndipo dereva akatoa mguu. Hakuna aliyeona ajabu. Malori mengi ya nyakati zile yalikuwa na gogo lake, na utingo hodari alijulikana kwa wepesi wa kuruka.

Utingo wa Bedford alikuwa kijana wa miaka 19, mtoto wa jirani yetu pale Manundu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa tajiri. Mama yake alikuja nyumbani kwangu jioni moja akaleta kuku, akasema, "Mwanangu, mtazame mdogo wako." Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Mwezi wa nane, mahindi ya masika yakiwa yameiva na kila lori likihitajika Handeni, ikatangazwa kwamba magari yakaguliwe na kupewa stika. Malori matatu yalipelekwa. Bedford lilikuwa Chanika linapakia. Tajiri aliniita kibandani kwake, akanipa bahasha, akacheka. "Karani," alisema, "hili la nne utalikagua wewe."

Nilikwenda. Mkaguzi mmoja alinipokea bila neno. Alinipa fomu tupu, kisha akainuka kwenda kunywa chai, maana ndivyo ilivyokuwa desturi: mwenye gari lisilokuwapo alijijazia mwenyewe. Nikaandika namba ya gari. Nikafika kwenye orodha. Usukani: mzuri. Taa: nzuri. Matairi: mazuri. Breki: nzuri. Mwandiko ulikuwa wangu, ule mwandiko uliosifiwa na mwalimu wangu wa darasa la saba. Mkaguzi aliporudi aliweka sahihi na mhuri. Nilitoka pale na stika mfukoni, nikajiona karani hodari. Nakumbuka nilinunua soda kwa furaha.

Siku kumi na moja baadaye Bedford lilikuwa likirudi kutoka Handeni. Risiti ya ushuru ilisema magunia 70, ambayo ndiyo tani saba kwa gunia la kilo mia. Juu ya gari yalikuwamo 95. Hilo nililijua pia, maana risiti nilizipokea mimi, na nilijua kwamba tofauti ile ndiyo iliyokuwa faida ya safari. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, ambayo leo ni lami kwa kilomita zake 65, wakati ule ilikuwa udongo, na usiku wake mvua isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima mdogo kabla ya Sindeni lori likashindwa. Dereva akakosa gia, lori likaanza kurudi nyuma. Kijana akaruka na gogo lake kama alivyoruka mara mia. Tairi likalipanda gogo, gogo likateleza kwenye tope, na mguu wake ukawa pale lilipokuwa gogo. Dereva akaupindisha usukani, lori likaingia porini likasimama kwenye kichuguu.

Lori la watu wengine ndilo lililomleta Korogwe, amelazwa juu ya magunia ya mkaa. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Jambo la kwanza alilolifanya tajiri ni kuniuliza, "Stika ilikuwepo kiooni?" Nikamjibu kwamba ilikuwepo. Akashusha pumzi. "Basi Mungu mkubwa," akasema. Na kweli, wakubwa walipokuja kulitazama lori, walikuta karatasi zote zimetimia. Bima ipo, leseni ya barabara ipo, leseni ya uchukuzi ipo, ukaguzi umefanyika siku kumi na moja zilizopita na breki ni nzuri. Ikaandikwa kwamba ilikuwa ni utelezi. Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mikono yangu. Karatasi iliyowekwa na sheria ili kuulinda mguu wa yule kijana ilikuwa imetulinda sisi dhidi ya mguu wake.

Wiki tatu baadaye mama yake alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka ingawa nilimpa kiti. Alikuwa na bahasha yenye karatasi alizopewa na watu mbalimbali, na yeye hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee, kwa kuwa mimi ni mtu wa karatasi. Nikamsomea ya hospitali. Nikamsomea barua ya tajiri. Ya tatu ilikuwa nakala ya ukaguzi. Nikatambua mwandiko wangu kabla sijaifungua vizuri.

"Hiyo inasemaje, baba?"

"Inasema gari lilikaguliwa, mama."

"Likaonekanaje?"

"Likaonekana zima."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejifunza jambo, "Kumbe mwanangu amekatwa mguu na gari zima." Akazikusanya karatasi zake, akashukuru, akaondoka. Hakunishutumu. Hakuwa na sababu ya kunishutumu, maana aliniamini.

Msomaji atauliza juu ya fidia. Bima ya lori ilikuwa ile ndogo, ya mtu wa tatu, na mfanyakazi wa lori lenyewe si mtu wa tatu. Ilibaki sheria ya fidia kwa wafanyakazi, iliyotungwa enzi za mkoloni, Sura ya 263. Chini ya sheria hiyo malipo ya juu kabisa yalikuwa shilingi 83,000 kwa aliyekufa na shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Nilipiga hesabu wakati ule: fedha hizo hazikufikia bei ya matairi mawili mapya ya lile Bedford. Sheria nyingine ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015, waajiri wakichangia. Ni jambo jema. Kwa kijana wetu lilichelewa miaka 20.

Nilimwacha tajiri yule kabla mwaka haujaisha, nikafanyia kazi wengine. Tangu siku zile nilijiwekea sharti moja: sichukui fomu ya ukaguzi ya gari ambalo sijaliona kwa macho. Nilikuwa naenda gereji asubuhi, naingia uvunguni pamoja na fundi, namwambia utingo akanyage breki mimi nikiangalia, natazama matairi yenye kipara, nauliza habari ya springi. Matajiri walinicheka wakaniita karani fundi, na wawili walinifukuza kwa sababu nilichelewesha safari. Nisijisifu kupita kiasi. Bahasha nyingine nilizipeleka, za leseni iliyochelewa, za ushuru uliobishaniwa. Lakini ya ukaguzi sikuipeleka tena.

Na katika miaka ile ndipo nilipoanza kuzitenga karatasi zangu katika mafungu mawili. Nilianza kwa kujiuliza swali jepesi: karatasi hii ikiondolewa leo, nani ataumia?

Chukua kibali cha mahindi kilichomlaza baba yangu mvuani. Kiliondolewa mwaka 1987, na hakuna aliyekufa kwa kukikosa. Bali mahindi yalianza kufika penye njaa. Chukua leseni ya barabara ya kila mwaka, ambayo kwa ajili yake nimekimbizana na madereva miaka nenda miaka rudi. Katika bajeti ya mwaka 2017 Serikali iliifuta, ikahamishia tozo yake kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kioo cha lori kikabaki na karatasi moja pungufu, na hakuna breki iliyolegea kwa sababu hiyo. Karatasi hizo zilikuwa za kuchuma, au za kuzuia biashara. Mtu anaweza kubishana juu yake, kuomba zipunguzwe, kuandika barua, na akawa raia mwema.

Lakini ukaguzi wa breki ukiuondoa, ataumia mtu mwenye jina na mama yake.

Mizani nayo imo katika fungu hilo, ingawa wasafirishaji hatukupenda kukiri. Sisi tuliona mzani ni mtego wa faini. Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walijenga barabara za majaribio wakazizungusha malori juu yake mchana na usiku ili waone zinavyokufa. Walichogundua ni kwamba uharibifu haupandi sawasawa na uzito. Ukiuzidisha mzigo wa ekseli moja mara mbili, uharibifu wa barabara hukaribia mara 16. Hata ekseli ya tani kumi ikibebeshwa kumi na mbili tu, uharibifu huwa kama mara mbili. Nilipoisoma hesabu ile niliyakumbuka magunia yetu 25 ya ziada. Tulidhani tunamwibia mkusanya ushuru. Kumbe tulikuwa tukiila barabara ya wengine, tukizichosha breki, na tukiuzidisha uzito juu ya gogo la mkwaju.

Ugumu ni kwamba mambo haya mawili yamechanganywa tangu zamani, na mchanganyiko huo hutufundisha sote vibaya. Oktoba 2013, John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta msamaha wa tozo kwa malori yaliyozidisha uzito hadi asilimia tano. Wenye malori walisimamisha magari, foleni zikajaa kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausimamisha uamuzi ule. Nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Jioni tulikaa kahawani pale Korogwe tukazungumza habari za fedha: nani angelipa, kiasi gani, faida ingebaki wapi. Sikumbuki mtu hata mmoja kati yetu aliyeitaja barabara, wala utingo. Baadaye nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana sheria moja ya uzito, ya mwaka 2016, nayo ikaanza kutumika kwetu Machi 2019: ekseli zisizidi saba, uzito wote usizidi tani 56. Mamlaka nazo zimebadilika majina. Leseni ya uchukuzi niliyoifuata Tanga ilikuja kuwa mikononi mwa SUMATRA, kwa sheria ya mwaka 2001, na tangu 2019 iko LATRA. Leo kijana anaomba leseni kwa simu akiwa amekaa chini ya mwembe, analetewa namba ya malipo, analipa, kazi kwisha. Safari ya kulala Tanga haipo tena, na mimi siilalamikii. Ilikuwa upotevu wa siku za watu.

Ninaloliogopa ni dogo. Kama mimi, niliyepanda basi na kukaa benchi, niliweza kusahau kwamba nyuma ya karatasi liko gari, je, huyu anayemaliza yote kwa kidole? Mtandao unaweza kuleta namba ya malipo. Hauwezi kukanyaga breki. Hiyo bado ni kazi ya mguu wa mtu.

Sasa nimfikie yule mmoja niliyesema.

Kijana wetu hakurudi kwenye magari. Alijifunza kuziba pancha, na kwa miaka mingi sasa amekaa kando ya barabara kuu pale Korogwe, ameketi juu ya tairi kuukuu, magongo yake yameegemezwa ukutani. Ni baba wa watoto wanne. Ana sikio ambalo madereva humsifu nalo: lori likipita husema, bila kuinua kichwa, "Hilo linavuja upepo," au "Hilo breki zake zinakula chuma." Wengine husimama na kurudi. Mimi nilikuwa nikipita kwake kila wiki, tukizungumza habari za mpira na bei ya mahindi, na kwa miaka 24 sikutaja stika. Nilimpelekea sukari wakati wa sikukuu. Nilimlipia mtoto wake ada ya mwaka mmoja, nikasema ni mkopo. Mtu aliyebeba deni lisilotamkwa hulipa kwa njia za pembeni.

Mwaka ule nilioacha kazi nilikwenda jioni moja, nikakaa kwenye tairi jingine.

"Kuna jambo la lile Bedford sijakwambia," nilisema. "Gari halikukaguliwa. Ile fomu niliijaza mimi, kwa mkono wangu, gari liko Chanika."

Alikuwa akisugua mpira kwa msasa, na hakuacha.

"Najua, kaka," akasema. "Stika niliibandika mimi kiooni. Dereva akaniambia, haya, sasa gari letu zima. Tukacheka."

"Mlicheka?"

"Tulicheka sana. Halafu nikaenda kutafuta gogo jingine, maana lile la kwanza lilikuwa limepasuka."

Nilikaa pale sina la kusema. Nilikuwa nimeitunza siri kwa miaka 24, kumbe haikuwa siri. Tajiri alijua, mkaguzi alijua, dereva alijua, mimi nilijua, na yule ambaye mguu wake ulikuwa rehani naye alijua, akacheka pamoja nasi. Mama yake peke yake ndiye aliyeiamini karatasi ile, kwa sababu hakujua kusoma.

Nilitaka kumwomba radhi, na nadhani nilianza. Lakini lori lilikuwa limesimama mbele yetu, dereva anashuka, na utingo wake, mtoto mdogo tu, tayari yuko chini anatafuta jiwe la kuwekea tairi.

"Kwanza mwulize breki ya mkono iko wapi," rafiki yangu aliniambia, akinielekeza kwa kidevu. "Wewe una miguu miwili."

Nikainuka nikaenda kuuliza.